Je, Uendelee Kumlipa Mwalimu wa Mazoezi Ukishapungua?

Wiki iliyopita dada mmoja wa Muheza aliniandikia kwamba amepungua kilo 14 akiwa chini ya mwalimu wa mazoezi, ameshaufikia uzito alioutaka, na sasa anajiuliza kama aendelee kumlipa mwalimu huyo au fedha hizo azielekeze kwenye mahitaji mengine ya nyumbani. Sentensi yake ya mwisho ndiyo iliyonigusa zaidi: mara mbili huko nyuma alipungua, na mara zote mbili kilo zilirudi zikiwa zimeongezeka. Nilimwahidi jibu refu, nami nalitoa hapa kwa sababu najua wengi wenu mmefika alipofika yeye. Namna za kupungua mnazijua. Mnachokitafuta ni namna ya kubaki pale mlipofika.

Jibu langu ni kwamba mwalimu wa mazoezi husaidia, lakini msaada wake hudumu kwa kadiri anavyoendelea kukufuatilia, na walimu wengi hulipwa ili wakupunguze, hawalipwi ili wakulinde baada ya hapo. Nalisema hili nikiwa nimelipitia mwenyewe.

Mimi ni mkazi wa Chumbageni hapa Tanga, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni ya kukaa, kwa kuwa naandika hesabu za duka la jumla tangu asubuhi hadi jua linapopunga. Nilipofika kilo 96, na daktari akanieleza bila kunificha hali ya presha yangu, nilijiandikisha jimu moja mjini na kulipia mwalimu wa peke yangu. Alikuwa kijana aliyeijua kazi yake vizuri. Siku aliponitaka nichuchumae nikiwa nimeshika chuma, nilikuwa nikiinamisha mgongo kila mara; akanitazama kidogo, kisha akaniambia niketi kama ninayekwenda kukuna nazi, nyuma itangulie kuifuata mbuzi na kifua kibaki juu. Mgongo ulinyooka papo hapo, na mpaka leo naiona mbuzi ile kila ninapochuchumaa.

Kijana huyo alikuwa na daftari. Kila Jumatatu alinipima uzito na kiuno, akaandika, kisha akaniuliza nilichokula tangu tulipoachana, naye aliandika hayo pia bila kunikaripia. Nilipopitishiwa sinia la sambusa kwenye shughuli, nililikumbuka daftari kwanza. Kwa namna hiyo nilishuka hadi kilo 78, nguo zangu zote zikapelekwa kwa fundi kutiwa ndani, na jimu ikabandika ukutani picha zangu mbili, ya kabla na ya baada, karibu na meza ya malipo. Nilijivunia picha zile, na sioni sababu ya kuuficha ufahari huo leo.

Kisha mwalimu wangu akapata kazi Dar es Salaam. Simlaumu, kwa kuwa kila mtu huifuata riziki yake. Jimu ikanipa mwingine, ambaye hakulifungua daftari hata mara moja. Alihesabu tu mizunguko ya mazoezi huku akiangalia simu yake. Ikaja masika, zikaja harusi za upande wa mume wangu, ikaja Ramadhani, nami nikawa nakwenda kwa nadra, hatimaye nikaacha kwenda. Ada yao nilikuwa nimeilipa mbele, na hakuna aliyenipigia simu kuniuliza niko wapi. Nilipokuja kupanda mizani tena nilikuwa kilo 91. Nilirudi pale kulipia upya, nikakuta picha zangu zimebanduliwa na mahali pake pamewekwa za dada mwingine, wala hakuna aliyenieleza neno. Uchungu wa siku ile nimekaa nao muda mrefu, na ninapoandika haya naona haujaisha wote.

Nilianza kusoma juu ya jambo hili kwa sababu nilikataa kuamini kwamba kilo zile zilirudi kwa uvivu wangu, na niliyoyakuta yalinipa nguvu. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, nchini Australia, walichapisha utafiti wa watu 50 waliopunguzwa uzito kwa mlo mkali, wakaonyesha kwamba mwaka mzima baadaye homoni za njaa na za kushiba zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa, na kwamba watu hao walikuwa wakiona njaa kuliko kabla ya kupungua. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wa Marekani waliwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la kupungua uzito kwenye televisheni, ambao walikuwa na walimu wa mazoezi wa hali ya juu kabisa. Baada ya miaka sita, kati ya wastani wa kilo 58 walizopoteza, wastani wa kilo 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao ilikuwa ikiunguza takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Basi ndugu yangu, mwili uliopungua unaupigania uzito wake wa zamani kwa miaka mingi. Anayekuambia kwamba umenenepa tena kwa sababu huna msimamo hajui anachokisema.

Lakini swali lilikuwa juu ya mwalimu, na juu yake upo utafiti uliolenga hapo hapo. Mwaka 1998 Robert Jeffery, Rena Wing na wenzao walichapisha matokeo ya watu 193 waliokuwa kwenye mpango wa kupungua uzito wa miezi 18. Baadhi yao walipewa mwalimu wa kutembea nao na kuwakumbusha, baadhi walipewa fedha kidogo kila walipohudhuria, na baadhi walipewa vyote viwili. Waliopewa mwalimu walihudhuria matembezi mara nyingi zaidi, na waliopewa mwalimu pamoja na fedha walihudhuria kuliko wote. Hata hivyo, jumla ya nguvu waliyoitumia mwilini haikuzidi ya wengine, na uzito wao wa muda mrefu haukuwa bora. Watafiti wenyewe waliona kwamba kiasi cha mazoezi kinachohitajika ili mtu abaki alipofika ni kikubwa kuliko kile ambacho mipango mingi huwaagiza watu. Niliposoma hapo nilikumbuka kwamba hata nilipokuwa na mwalimu hodari, saa zangu za mazoezi zilikuwa chache kwa wiki, na muda uliobaki nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dukani.

Rena Wing huyo huyo, pamoja na James Hill, walikuwa wameanzisha mwaka 1994 daftari la kitaifa huko Marekani la watu waliopungua kilo 13.6 au zaidi na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Wengi wa watu hao hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kwa siku, na zoezi lao kubwa ni kutembea. Wengi wao pia hujipima uzito angalau mara moja kwa wiki. Saa moja ya kutembea haihitaji mashine wala kioo cha ukutani, na hapa Tanga tuna njia ya kutembea ambayo wenye miji mingine wangeitamani.

Hapo ndipo nilipoanzia upya. Jirani yangu mmoja, muuguzi mstaafu, alikuwa akitembea peke yake baada ya swala ya alfajiri kutoka Bustani ya Jamhuri, kuipita Hospitali ya Bombo hadi Raskazoni, kisha kurudi kabla jua halijachoma. Nikaungana naye, akaja wifi yangu, wakaja na wengine wawili wa Ngamiani, na sasa tumekuwa kundi. Tunatembea haraka kiasi cha kuweza kuzungumza ila kutoweza kuimba, tukiwa tumevaa raba na madera yetu, na atakayetuona akicheka acheke. Ijumaa mama muuguzi huja na mizani yake ndani ya kikapu, huiweka penye sakafu iliyonyooka, na kila mmoja hupanda akiwa amevua viatu. Anaandika. Mtu asipokuja Ijumaa, Jumamosi anapigiwa simu, tena si kwa ujumbe mfupi. Anapigiwa mpaka apokee.

Nilishuka tena hadi kilo 77, na kwa miaka kadhaa sasa nipo kati ya 76 na 79. Hilo nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu niliambiwa na watu walionijua kwamba nisingeweza.

Nataka mlione vizuri kilichofanya kazi hapo. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 1,032 waliokuwa wameshapungua, uliowafuatilia kwa miezi 30. Waliokuwa na mtu wa kuzungumza nao kila mwezi, mara nyingi kwa simu ya dakika chache tu, walirudisha wastani wa kilo 4.0, na walioachwa wajisimamie wenyewe walirudisha kilo 5.5. Miaka miwili kabla ya hapo Rena Wing alikuwa ameonyesha jambo linalofanana kwa watu 314 waliokuwa wameshapungua, ambao baadhi yao walifundishwa kujipima kila siku na kuchukua hatua mapema: kwa muda wa miezi 18, katika kundi lililokutana ana kwa ana, asilimia 45.7 walirudisha kilo 2.3 au zaidi, na katika kundi lililotumiwa barua za taarifa tu waliorudisha walikuwa asilimia 72.4. Tofauti hizo hazimalizi tatizo, na msidanganywe na anayewaahidi kulimaliza. Ila tazameni kilicholeta nafuu: mtu mmoja anayekuuliza, kwa muda mrefu, na mizani inayosema kweli mapema. Kundi letu limechukua kipimo kile kile cha kilo 2.3. Anayekizidi hasubiri mfungo wala mwaka mpya. Wiki hiyo hiyo anarudi kuandika kila anachokula na kuongeza matembezi ya jioni.

Jikoni sitakaa sana, kwa kuwa nimeshaandika huko nyuma. Wali wangu naupika kwa tui la pili, tui zito naliacha kwa mchuzi wa samaki siku ya wageni, na ladha haijapotea kiasi cha watu wa nyumbani kulalamika. Wakati wa Ramadhani naanza na tende na maji, naswali, kisha nachagua kimoja kati ya mihogo ya nazi, tambi na bokoboko, sivichanganyi vyote kwenye sahani moja. Matembezi yetu tunayahamishia baada ya tarawehe. Mwezi huo ndio uliokuwa ukiniangusha, na sasa ndio tunaofuatiliana kwa karibu zaidi.

Jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunionya ni maneno ya watu. Ukinenepa unaambiwa umenawiri, na ukipungua unaulizwa unaumwa nini. Shangazi yangu mmoja aliniuliza mbele ya ukumbi mzima wa harusi kama mume wangu amepata mke mwingine, maana nimekonda. Dada zangu, maneno hayo yatakuja, na yatakuja kutoka kwa wanaokupenda. Uwe na jibu lako tayari, na uwe na angalau mtu mmoja ambaye akikuona umepungua anajua ulivyohangaika kufika hapo. Mtafute mtu huyo mapema. Akiwa mwalimu wa kulipwa, sawa. Akiwa jirani, sawa pia. Lakini awepo, aulize, na aendelee kuuliza hata pale unapojiona umeshamaliza kazi, kwa sababu hapo ndipo mwili unapoanza kudai kilicho chake.

Sasa nikujibu wewe dada wa Muheza. Usimwache mwalimu wako ghafla, na pia usiendelee kumlipa kama ulivyokuwa ukimlipa. Nenda ukamwombe mpango mwingine: badala ya kukutana mara tatu kwa wiki, mkutane mara moja kwa mwezi akusahihishe mazoezi, na kila wiki umpelekee uzito wako kwa simu naye akujibu, kwa muda usiopungua miaka miwili, kwa bei mtakayopatana. Mwalimu anayejiamini atakubali. Kabla ya kukubaliana, mwombe akukutanishe na mtu aliyemfundisha miaka miwili iliyopita ili umwone jinsi alivyo sasa. Picha za ukutani usizitazame. Akikataa yote hayo, mshukuru kwa kilo 14 alizokusaidia, kanunue raba nzuri kwa fedha ya mwezi unaofuata, na utafute wanawake wawili wa mtaani kwako wa kutembea nao saa moja kila asubuhi.

Na kama unatumia dawa za presha au za sukari, rudi kwa daktari wako umweleze kwamba umepungua, kwa sababu kipimo cha dawa ulichoandikiwa ukiwa na uzito wa zamani huenda kikahitaji kubadilishwa, na umuulize mapema namna ya kufanya mazoezi unapokuwa umefunga.