Fremu za santuri: pima jalada kabla ya kukata mbao

Ndugu yangu, umeuliza ukate fremu kwa kipimo gani ili santuri za marehemu baba yako zikae ukutani hapa Dar es Salaam. Sahani ya LP, yaani santuri kubwa ya muziki, ina kipenyo cha sentimita 30 hivi, lakini jalada lake hukaribia sentimita 31.5, kwa hiyo pima jalada lenyewe, kisha ongeza milimita 2 au 3, kwa sababu karatasi kuukuu ikilazimishwa huchanika pembeni.

Chagua plaiwudi iliyonyooka ya milimita 6, na umwombe fundi wa mashine ya kukatia kwa leza akate kwanza kipande cha majaribio, maana mwali wa leza hula mbao kidogo na kiungo cha fremu kilichochorwa kwa kipimo kamili hutoka kimelegea. Masizi ya kingoni yaondoe kwa msasa laini, halafu paka vanishi pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu, unyevu wa pwani utaipinda mbao.

Nakusihi, santuri yenyewe ya vinili isipitishwe kwenye leza kamwe, kwani plastiki yake ina klorini na moshi wake ni sumu. Uepuke pia ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kwa kuwa sahani iliyopinda kwa joto ni vigumu mno kunyooka tena.