Ukarabati upi wa nyumba ya kupangisha unarudisha fedha?

Kabla sijamwita fundi, napima gharama kwa kodi ya mwezi. Tuseme makabati mapya ya jikoni yatakula kodi ya miezi 6, na baada ya hapo naweza kupandisha kodi kwa asilimia 5 tu. Itachukua miezi 120, yaani miaka 10, fedha hiyo kurudi, na makabati yenyewe huenda yameshachakaa. Lakini kazi ya nusu ya kodi ya mwezi ikimfanya mpangaji mzuri asihame, imejilipa. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya mwaka imekwenda, bado gharama za kumtafuta mwingine.

Kwa hiyo fedha yangu ya kwanza huenda panapopita maji: paa, mabomba, bafu. Hakuna mgeni atakayelisifia bomba lisilovuja, ila lile linalovuja taratibu ndani ya ukuta hubambua rangi, huleta ukungu na kuozesha fremu za milango. Bafuni ndipo ninaposimama na fundi hatua kwa hatua. Vigae peke yake havizuii maji, kwani hupenya polepole kwenye viungio vyake. Lazima dawa ya kuzuia maji ipakwe kwanza, sakafuni na chini ya kuta, na sakafu iwe na mteremko kuelekea kwenye tundu la maji. Kabla ya kubandika vigae namwambia azibe tundu, ajaze maji sakafuni, ayaache saa 24, kisha tukague kuta za jirani na dari ya chini. Fundi akinuna kwa sababu namchelewesha, anune. Pia nanunua vigae vya ziada vya toleo lilelile na kuvihifadhi, maana rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo.

Nyaya za umeme na vitasa sivipigii hesabu; usalama wa mtu haungoji faida.

Rangi ndiyo kazi ya bei nafuu inayoonekana zaidi. Natumia rangi moja nyepesi inayosafishika nyumba nzima, na naandika namba yake, ili mpangaji akihama nirekebishe sehemu zilizochafuka bila kupaka upya vyumba vyote.

Vya anasa navikwepa. Nyumba ikizungukwa na nyumba za kodi ya kawaida, sinki la kifahari halitaivusha mbali na kodi ya mtaa. Ukitaka kujua kinachohitajika hasa, muulize mpangaji anayehama ni nini kilimsumbua. Huyo hana sababu tena ya kukuficha. Mara nyingi atakutajia presha ndogo ya maji, dirisha lisilofungika, au soketi moja tu chumbani, vitu ambavyo fundi anaweza kuvimaliza kabla mwingine hajahamia.