Mfupa wa paja uliofukuliwa Kaole

Ndugu, umeuliza kama mfupa wa paja wa sentimita 45, mliofukua mkichimba msingi kule Kaole, Bagamoyo, unaweza kueleza urefu wa marehemu. Unaweza, kwa makadirio. Kanuni za kukadiria urefu za watafiti Trotter na Gleser za 1952 zinatoa kama sentimita 165 akiwa mwanamume, 162 akiwa mwanamke, na huenda zikapishana kwa sentimita nne hivi juu au chini. Tena zilitokana na mifupa ya Wamarekani weusi, si ya watu wa pwani yetu. Jinsia hutazamwa zaidi kwenye nyonga.

Ila kwanza wekeni majembe chini! Msiuoshe, msifukue mingine. Mwiteni mwenyekiti na polisi. Ukionekana wa zamani, watu wa Idara ya Mambo ya Kale wahusishwe.