Je, kuandaa somo la watoto ndiyo ibada ya mwalimu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na Jumapili nafundisha watoto usharikani, huu mwaka wa sita. Nyumbani nina watoto watatu. Biblia naifungua Jumamosi usiku tu, nikiandaa somo. Mahubiri yakianza mimi niko na watoto, kwa hiyo silisikii neno, na Meza ya Bwana sijashiriki tangu Pasaka. Nikiomba na watoto naona midomo tu inasema. Kwenye semina ya walimu tuliambiwa tusijilaumu, maandalizi ya somo ndiyo ibada ya mwalimu, na kuwahudumia watoto ndiko kuomba kwenyewe. Je, ni kweli? Au niache kufundisha?

JIBU: Amina, Mwalimu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hayo mliyoambiwa yanasemwa katika sharika nyingi, tena kwa nia njema, na yanawakausha walimu. Maandalizi hayatoshi. Na kufundisha usiache, angalau si sasa.

Wanaofundisha hivyo hushika maandiko mawili. La kwanza ni Mathayo 25:40, kwamba tulivyowatendea walio wadogo tumemtendea Kristo. Ni kweli tupu. Lakini Bwana hakusema kwamba anayegawa chakula yeye hapati njaa. La pili ni Marko 6. Mitume wamerudi wamechoka, Yesu anawaita faraghani wapumzike kidogo, maana hawakuwa na nafasi hata ya kula. Umati unawatangulia, naye anauhurumia, anaanza kuufundisha. "Mnaona?" huambiwa walimu, "Yesu aliacha mapumziko akafundisha." Hao wamefunga Biblia mapema mno! Wasome hadi aya ya 45 na 46: watu walipokwisha kushiba, aliwalazimisha wanafunzi kupanda chomboni, akauaga umati yeye mwenyewe, akaenda mlimani kuomba. Faragha iliahirishwa kwa saa chache, haikufutwa. Yako imeahirishwa tangu Pasaka.

Wala hoja hii si ngeni. Mwaka 1535 Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, alimwandikia Peter, kinyozi wake wa Wittenberg, Ujerumani, kumfundisha namna ya kusali. Humo anautaja msemo kwamba afanyaye kazi kwa uaminifu husali mara mbili. Haukatai, anakiri kwamba ipo kazi, hasa ya dharura, iliyo sawa na sala au hata bora kuliko sala. Ila anaonya hapo hapo kwamba tukizoea hivyo tutaziita za lazima kazi zisizo za lazima, na mwisho tutakuwa baridi na wavivu wa kusali. Tena anamtahadharisha na lile wazo la "ngoja kidogo, nitaomba baada ya saa moja, kwanza nimalize hili". Aliyeandikiwa hayo hakuwa mtawa. Alikuwa mtu wa wembe na wateja, mwenye haraka kama wewe.

Tofauti yenyewe ni hii. Unapoandaa somo unauliza: mtoto wa miaka sita ataelewa nini, nichore picha gani, wimbo upi, aya ipi ya kukariri. Ni maswali mazuri, lakini yote yanamhusu mwingine. Chukua Yona. Kwa watoto tunamaliza na samaki, au na Ninawi kutubu. Sura ya 4 tunairuka, na sura hiyo ndiyo ya mtumishi: amechoka, amewakasirikia watu ambao Mungu anawahurumia, naye anaulizwa, "Je! Unatenda vema kukasirika?" Mwalimu anaweza kufundisha Yona miaka sita asiulizwe swali hilo hata mara moja. Kumbukumbu la Torati 6:6-7 linaweka utaratibu: maneno haya yawe kwanza moyoni mwako, ndipo uwafundishe watoto.

Sasa la kufanya. Tenga dakika 20, mahali pamoja, saa ile ile. Alfajiri kabla ya kuwasha jiko inafaa. Kama nyumba yako haina utulivu, fika shuleni dakika 20 mapema ukae darasani kabla wanafunzi hawajaingia. Usiku kitandani usijaribu, utalala kwenye aya ya tatu. Soma Zaburi ya 119. Ina mafungu 22 ya aya nane nane, basi fungu moja kwa siku. Naichagua kwa sababu ni vigumu kuigeuza somo la watoto. Soma fungu lako kwa sauti mara mbili, polepole, kisha shika aya moja tu na uipitishe katika njia nne alizomfundisha Luther yule kinyozi: fundisho, shukrani, ungamo, ombi. Kila moja dakika tatu. Siku ya nne, kwa mfano, utakutana na aya ya 25: "Nafsi yangu imeambatana na mavumbi, unihuishe sawasawa na neno lako." Fundisho: aliyeko mavumbini bado anazungumza na Mungu, na kuhuisha ni kazi ya Mungu. Shukrani: hata leo ameniamsha nimwite. Ungamo: mtoto niliyemkaripia jana kwa uchovu wangu, mtaje kwa jina. Ombi: nihuishe. Malizia kwa Sala ya Bwana na kimya kidogo.

Mambo matatu huharibu mpango huu. Biblia ya kwenye simu, kwa sababu ujumbe wa vikundi utaingia; tumia ya karatasi. Wazo la "hii itawafaa watoto", ambalo litakuja mapema tu. Andika neno moja pembeni, urudi kwenye aya yako. Na deni: ukikosa siku, usisome aya 16 kesho yake. Endelea na fungu linalofuata. Sala si kodi, dada yangu, na Mungu hakutozi riba.

Maandalizi ya somo nayo yaondoe Jumamosi usiku, uyaweke Jumanne au Jumatano. Halafu lala. Nabii Elia alipoomba afe chini ya mti wa mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena. Sauti ya utulivu ya Mungu ilikuja baadaye, mlimani Horebu. Huo ukavu unaousikia si lazima uwe dalili kwamba Mungu amekuacha. Huenda sehemu yake ni usingizi.

Linalonisumbua zaidi ni Meza ya Bwana. Hilo si kosa lako peke yako, ni la usharika. Nenda kwa wazee wa kanisa na pendekezo lililoandikwa: Jumapili ya Meza ya Bwana watoto wakae ibadani na wazazi wao, pasiwe na darasa. Jumapili nyingine walimu wanne wapokezane, wawili wawili, ili kila mmoja asikie mahubiri Jumapili moja kati ya mbili. Kama mko wawili tu, waombe wazazi wawili wafundishwe kazi hiyo kwa miezi mitatu. Musa mwenyewe aliambiwa na mkwewe kwamba mzigo ule hauwezi peke yake (Kutoka 18:18), na alisikia. Ukiona bado hujapata nguvu, omba likizo ya robo mwaka, uketi ibadani kama mshiriki wa kawaida. Likizo si kuacha huduma. Wazee wakisita, niandikie tena, nami nitazungumza na mchungaji wako.