Kwilti ya Krismasi Haijaisha: Maswali na Majibu

SWALI: Nimeshaunganisha uso wa kwilti ya viraka vyekundu, kijani na vyeupe, inchi 60 kwa 72. Krismasi imebaki wiki tatu, nina cherehani ya kawaida ya nyumbani tu, na baridi ya huku watoto wanaisikia. Nianzie wapi?
*Msomaji, Minneapolis, Marekani*

JIBU: Anzia kwenye pasi, dada. Piga pasi uso wote upande wa nyuma, na ukate kila uzi unaoning'inia. Uzi mwekundu ukisahauliwa nyuma ya kiraka cheupe utaonekana kwa mbele, na tabaka zikishashonwa huna pa kuutolea.

Bitana (kitambaa cha chini) na pamba ya katikati vizidi uso kwa inchi 4 kila upande, yaani 68 kwa 80. Kitenge cha upana wa inchi 44 kitahitaji kuungwa. Kata vipande viwili vya inchi 68 na mshono upite kwa mlalo; yadi 4 zinatosha. Ukiupitisha kwa wima utahitaji karibu yadi 4 na nusu kwa kazi ileile.

Tandaza bitana sakafuni, upande mzuri ukiangalia chini, na ubandike kingo kwa tepu ya karatasi. Inyooke, lakini usiivute. Bitana iliyovutwa hujirudi tepu ikitoka, na hapo ndipo makunyanzi ya nyuma yanapoanzia. Weka pamba, kisha uso, halafu piga bandi kwa pini za nepi kila inchi 4, ukitoka katikati kwenda nje. Watu huweka pini chache mno hapa, kisha wanalaumu cherehani.

Kwa kushona, tafuta ule mguu wa cherehani wenye meno yake ya juu. Mguu wa kawaida huacha meno ya chini yavute bitana peke yake, na uso unabaki nyuma na kukunjika kwenye kila mshono unaoukata. Tumia sindano namba 90/14, urefu wa mshono milimita 3 hivi. Shona mstari wa katikati kwanza, kisha sogea nje. Pakiti ya pamba huandika nafasi ya juu inayoruhusiwa kati ya mistari; nyingine ni inchi 4, nyingine 8 au 10. Ukiizidisha, pamba itajikusanya mabonge baada ya kufuliwa.

Ikifika tarehe 18 hujaanza mistari, achana nayo, funga mafundo. Chukua uzi mnene wa pamba na sindano ndefu, pitisha tabaka zote tatu, rudi juu robo inchi pembeni, funga kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, na uache ncha za inchi 1. Rudia kila inchi 4, au karibu zaidi ikiwa pakiti inataka hivyo. Wapo wanaodharau mafundo. Kwa blanketi la kujifunika tunayapenda kuliko mistari iliyosongamana, maana kwilti inabaki laini.

Sasa mkanda wa ukingoni. Mzunguko wako ni inchi 264. Ongeza 12 za pembe na maungio, unapata 276. Mkanda wa upana wa inchi 2 na nusu, uliokatwa kukatiza kitenge na kuungwa kwa mshazari, hukuachia kama inchi 40 kila mmoja, kwa hiyo mikanda 7. Hiyo ni inchi 17 na nusu za kitambaa. Chukua 24, mkasi hukosea. Kunja mkanda katikati kwa urefu, piga pasi, ushone robo inchi kutoka ukingoni. Kwenye pembe, simama robo inchi kabla ya mwisho na ukate uzi. Kunja mkanda kwenda juu kwa mshazari, urudishe chini sawa na ukingo mpya, kisha endelea. Ukishona hadi mwisho wa pembe, kona haitakunjika vizuri hata uiombe.

SWALI: Nimefua kwilti, rangi nyekundu imeingia kwenye viraka vyeupe vya theluji. Imeharibika?
*Msomaji, Toronto, Kanada*

JIBU: Bado, ilimradi hujaitia kwenye mashine ya kukaushia, kwa sababu joto lile hushikiza doa. Ikiwa ni pamba tupu, itie kwenye beseni la kuogea lenye maji ya moto na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, izame yote. Sehemu inayoelea juu ya maji hubaki na doa. Iache usiku kucha, badilisha maji, urudie hadi maji yasibadilike rangi. Chumvi na siki havisaidii rangi za viwandani. Safari nyingine loweka kitambaa chekundu peke yake kabla ya kukikata.

SWALI: Uzi wa dhahabu wa nyota unakatika kila baada ya mishono michache.
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Tundu la sindano ni dogo, linaukwaruza. Weka sindano ya nyuzi za metali au yenye tundu refu, 90/14. Legeza kibanio cha uzi wa juu, weka uzi wa kawaida wa poliesta kwenye bobini, na ushone polepole. Kijiti cha uzi kisimame wima mbali kidogo na cherehani, ili uzi ujinyooshe kabla ya kuingia.

SWALI: Mkanda wa tundu la katikati, kwenye kitambaa cha duara cha kuzungushia mti wa Krismasi, umejikunja vibaya.
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Uliukata kwa unyoofu wa nyuzi, nao haupindi. Fumua na ukate mwingine kwa mshazari kamili. Ukingo wa nje pia ni duara, unataka hivyohivyo. Ufa ulionyooka wa nyuma unaweza kupata mkanda wa kawaida.

SWALI: Huku pamba ya kwilti ni ghali. Naweza kuweka blanketi la zamani katikati?
*Msomaji, Limuru*

JIBU: Unaweza, na kwa baridi yenu ya Juni na Julai litafaa kuliko Desemba. Lifue kwanza kwa maji ya moto na ulikaushe, limalize kujirudi kabla halijashonewa ndani. Likiwa la sufu nzito usilazimishe cherehani ndogo, funga mafundo. Likiwa jembamba la flisi, mistari ya inchi 6 inatosha, lakini punguza moto wa pasi, maana flisi ni poliesta na huyeyuka hata ikiwa chini ya kitambaa cha pamba.