Uliza Fundi: Rangi ya ngozi huzama, haibandikwi

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza rangi. Nimechagua nne. Wote walioandika wametaja rangi, na ni wawili tu walionieleza ngozi yenyewe ni ya aina gani. Hapa kwenye meza yangu Mwanjelwa, Mbeya, huwa naanza na ngozi. Naipindua, natazama ukingo wake pale ilipokatwa, kisha ndipo nafungua kopo.

*Shikamoo fundi. Nilinunua mtumba wa buti za swedi za kahawia. Ncha zilikuwa zimepauka, nikazipaka kiwi nyeusi. Sasa mbele panang'aa na pamekakamaa, nyuma bado pana manyoya. Zinarudi hizi? – Kijana wa Kihesa, Iringa*

Marahaba, mwanangu. Kuvalika zitavalika, ila kahawia ile ya mwanzo usiitegemee tena.

Swedi ni ngozi ya upande wa ndani, ule uliokuwa umeshikana na nyama, ikasuguliwa mpaka nyuzi zake zikasimama. Uzuri wake wote uko kwenye nyuzi hizo. Kiwi ni nta, na nta imezilaza na kuzigandisha. Kabla ya rangi yoyote, hiyo nta itoke. Kwangua ya juu taratibu kwa kijiti butu. Nunua tapentaini kidogo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, lowesha kitambaa cheupe, kikamue, ufute ukibadilisha upande wa kitambaa kila kinapochafuka. Usimwagie, na usikubali kuuziwa thina kali badala yake, maana italegeza gundi ya soli. Zikikauka, sugua ncha kwa msasa laini kabisa, kwa mkono mwepesi, hadi uone nyuzi zinaanza kusimama. Wengi huchoka hapa na kukimbilia rangi. Vumilia, kwa sababu panapobaki nta rangi haipiti, na baka litaonekana hata ukirudia mara ngapi.

Kisha chagua rangi iliyoandikwa kuwa ni ya swedi, nyeusi au kahawia iliyokolea. Jaza buti magazeti, funika ukingo wa soli kwa tepu ya karatasi, upake kwa brashi ngumu ukizungusha ili rangi ifike kwenye mashina ya nyuzi. Maliza buti moja bila kupumzika, kwani ukiacha nusu ikauke utabaki na mstari. Rangi mbichi huonekana nzito kuliko ilivyo, hivyo ziache zilale hadi kesho ndipo uamue kama zinahitaji mkono wa pili. Zikikauka, zipige brashi kavu. Kiwi wala mafuta visikutane nazo tena.

Jambo moja nakusihi. Juni na Julai huku kwetu baridi ni kali, na watu hufanya kazi wamefunga madirisha, jiko la mkaa liko miguuni. Tapentaini na rangi za spiriti hushika moto haraka, na mvuke wake haufai kuvutwa. Kafanyie kazi barazani, hata kama vidole vitakufa ganzi.

*Fundi, sisi ni kikundi cha akina mama. Tunatengeneza mikanda na kubazi kwa ngozi ya ng'ombe tunayoisindika wenyewe kwa magome ya miwati. Rangi nyeusi ya dukani inatula faida. Kuna njia nyingine? – Njombe mjini*

Barua hii imenifurahisha sana. Mama zangu, nusu ya rangi mnayo tayari, imo ndani ya ngozi yenu.

Magome ya miwati yana tanini nyingi, ile dawa ya asili inayofanya ngozi isioze. Ndiyo sababu kampuni ya miwati ilianzishwa hapo hapo Njombe mwaka 1949, kukamua dawa ya kusindikia ngozi. Tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Wino wa kuandikia wa zamani ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo.

Chukueni misumari ya chuma ya kawaida, hata yenye kutu, mradi haina mafuta. Itieni kwenye chupa ya kioo au ndoo ya plastiki, mimineni siki nyeupe hadi ifunike. Mfuniko msiukaze, kwa sababu gesi hutoka na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka, tena gesi hiyo hushika moto, kwa hiyo chupa ikae mbali na jiko. Baada ya wiki moja au mbili, mapovu yakiisha, chujeni kwa kitambaa. Pakeni kwenye ngozi kavu, safi, isiyo na mafuta. Mwanzo itaonekana kijivu kama imechafuka tu. Subirini. Ndani ya dakika chache itaanza kukolea mbele ya macho yenu, kijivu kikienda buluu, buluu ikienda nyeusi. Na weusi huo umezama. Mkanda ukikwaruzwa hautoi weupe upesi kama ule uliopakwa rangi ya juu juu.

Pakiwa na sehemu inayogoma, tanini yake ni chache. Chemsheni majani ya chai, mengi, yawe mazito hasa, yapoe, mpake pale, ikauke, kisha mrudie maji ya msumari. Chai nayo ina tanini, na nyinyi mnaishi katikati ya mashamba yake.

Msirudie maji ya msumari mara nyingi kwa tamaa ya weusi. Chuma kikizidi, ngozi hukauka na baada ya muda hukatika. Futeni mara kadhaa kwa kitambaa chenye maji safi kuondoa siki, na ikiwa bado na unyevu kidogo pakeni mafuta ya nyonyo, membamba. Kaushieni kivulini. Ngozi yenye unyevu ikipata moto husinyaa, na haifunguki tena.

Njia hii haitafanya kazi kwenye ngozi iliyosindikwa kwa kromu, yaani chumvi za madini badala ya magome, ambayo ndiyo iko kwenye viatu vingi vya dukani. Mtaijua kwenye ukingo uliokatwa: katikati yake mara nyingi ni kijivu au ya buluu hafifu, wakati yenu ni kahawia hadi ndani.

*Viatu vyangu vilipakwa rangi upya na fundi. Kila mvua ikinyesha soksi zinatoka nyeusi. – Mwalimu, Tukuyu*

Mwalimu, kwa mvua za Tukuyu lazima uteseke. Rangi ilipakwa nyingi kuliko ngozi ilivyoweza kunywa, na iliyobaki juu haikufutwa. Sugua kwa kitambaa kikavu, kwa nguvu, ndani na nje, hadi kitambaa kitoke safi. Kisha nje paka mafuta kidogo, uache usiku mzima, umalizie kwa kiwi na kung'arisha. Kama ndani bado panachuja, weka bitana mpya.

*Nina pochi nyeusi, nataka iwe ya maziwa ya kuendea harusi. – Dada wa Tunduma*

Dada yangu, rangi ya kuzama haifuniki, inajiongeza juu ya iliyopo. Nyekundu juu ya njano inakupa chungwa, na maziwa juu ya nyeusi haikupi kitu. Kwanza angalia ukingo wa ndani ya pochi. Ukiona kitambaa kilichofumwa chini ya ganda laini, hiyo ni reksini, ngozi ya bandia, na rangi ya ngozi itateleza tu. Ikiwa ni ngozi halisi yenye uso laini, kuna rangi nzito za akriliki za ngozi zinazokaa juu na kupindika bila kupasuka, lakini kutoka nyeusi hadi maziwa utahitaji mikono mingi myembamba, na kwenye mikunjo ya mkanda wake itachubuka mapema. Kwa harusi moja, azima pochi ya rangi hiyo. Hiyo nyeusi niletee niing'arishe, nyeusi inakwenda na gauni lolote.