Laptopu mpya zinakataa kuwaka kupitia mtandao

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja. Tumepokea laptopu mpya 25 ambazo nataka kuziwekea mfumo endeshi wa Ubuntu kupitia mtandao, kama ninavyofanya siku zote kwa kompyuta za mezani. Seva yangu ni ya Linux, nayo inagawa pxelinux.0, faili la kuanzishia uwashaji. Laptopu hizi hazina tundu la kebo ya mtandao, hivyo natumia adapta moja ya USB-C. Nikiwa maabara, zinasubiri kisha zinaandika PXE-E16. Nilipopeleka moja chumba cha seva na kuichomeka kwenye swichi ndogo iliyopo pale, iliandika kwamba faili limepakuliwa, kioo kikawa cheusi kidogo, kisha menyu ikarudi. Nimebadilisha kebo na kuwasha seva upya bila mafanikio, ilhali kompyuta za zamani zinawaka vizuri. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu fundi, umefanya jambo la maana sana kuihamisha mashine, kwa sababu vyumba hivyo viwili vimetoa majibu mawili tofauti. Una hitilafu mbili, na ile ya maabara inaificha ya pili.

Nianze na ya chumba cha seva, kwa kuwa ndiyo kubwa. Faili likishapakuliwa, maana yake kebo, adapta, anwani ya IP na seva vyote vimefanya kazi. Kilichoshindikana ni laptopu kulitekeleza faili lenyewe. Faili la pxelinux.0 liliandikwa kwa ajili ya mashine zinazowaka kwa BIOS, programu ya zamani ya ndani inayoamsha mashine, na laptopu zako zinawaka kwa UEFI, mrithi wake, ambayo haiwezi kulisoma, hivyo inaliacha na kurudi kwenye menyu bila hata kutoa onyo. Dawa yake ni kuifanya seva itambue nani anaomba. Kila mashine inapoomba anwani hutaja aina yake katika kipengele namba 93 cha DHCP, huduma inayogawa anwani za IP: 0 ni BIOS, na 7 ni UEFI ya biti 64. Ondoa jina la faili ulilolifunga kwa wote, kisha weka sharti kwamba anayetaja 0 aendelee kupewa pxelinux.0, na anayetaja 7 apewe shimx64.efi (shim, faili la kuanzia la UEFI), huku grubx64.efi (GRUB, programu inayopakia Ubuntu), ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mtandao, ikiwa kwenye folda hiyohiyo. Kumbuka kwamba GRUB haisomi menyu yako ya zamani ya pxelinux.cfg, lazima uiandikie faili lake la menyu, grub.cfg.

Hapo wengi hukimbilia kuzima kinga ya uwashaji, ile iliyoandikwa Secure Boot kwenye menyu, na kuiacha hivyo hadi mashine inamfikia mwanafunzi. Nakusihi usifanye hivyo. Faili la shim limetiwa saini inayokubaliwa na kinga hiyo. Likikataliwa, ingia kwenye mipangilio ya UEFI utafute ruhusa ya cheti cha Microsoft cha wahusika wengine, kwa kuwa baadhi ya laptopu zilizotoka kuanzia mwaka 2022 huja ikiwa imezimwa. Iwashe hiyo tu.

Sasa maabara. PXE-E16 husema kwamba mashine imeomba anwani na hakuna aliyeijibu. Ninachokishuku ni swichi ya ukutani. Swichi nyingi za maofisini, kifaa kipya kinapochomekwa, husikiliza kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde nyingine 15 kabla ya kupitisha data, ili kuzuia data kuzunguka bila kikomo kwenye mtandao. Kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini ikiwa kwenye umeme kwa kawaida huendelea kushika mawasiliano na swichi, hivyo mlango wake kwenye swichi huwa umekwisha kufunguka. Adapta ya USB-C huamka pale tu UEFI inapoiita, na muda unaanza kuhesabiwa upya. Ili kuhakikisha, chukua ile swichi ndogo ya chumba cha seva, iweke kati ya laptopu na ukuta, subiri dakika moja, ndipo uwashe laptopu. Ikipata anwani, mwombe msimamizi wa mtandao aiwekee milango ya maabara portfast, mpangilio unaoufungua mlango bila kusubiri, na asiiweke kwenye milango inayounganisha swichi kwa swichi.

Jambo la mwisho ni hiyo adapta moja. Seva humtambua mteja kwa anwani ya MAC, yaani namba ya kifaa chake cha mtandao, na laptopu zote 25 zitaonekana kuwa mashine ileile, isipokuwa zile ambazo UEFI yake inaweza kutumia MAC ya laptopu badala ya ile ya adapta. Ukiwa umegawa majina ya mashine kwa kufuata MAC, washa uwezo huo kabla ya kuanza, ama badili orodha yako ifuate namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya kila laptopu.